Haijafunguliwa

Kwenye Naivasha Road, Nairobi, kati ya Kawangware na Satellite, gari kubwa linapotafutiwa mnunuzi huwa kuna sifa moja inayowekwa akiba mpaka mwisho. Rangi hutajwa, matairi hutajwa, mlango huachwa wazi ili viti vya ngozi vionekane. Kisha muuzaji anayeijua biashara yake husogea karibu na kusema: giaboksi haijafunguliwa, ni ileile ya kutoka Japani. Mnunuzi huitikia kwa kichwa, na mara nyingi hapo ndipo mabishano ya bei hupungua.

Hofu inayomfanya aitikie ina msingi. Injini ya Prado ikianza kugonga, mtaa wetu wa Riruta una masikio mengi ya kuisikiliza na mikono mingi ya kuishusha. Giaboksi ya otomatiki ni habari nyingine. Ndani yake mna pleti nyembamba za klachi zilizopangwa tabaka kwa tabaka, gia ndogo zinazoizunguka gia ya katikati, valvu zinazoteleza katika mifereji ya alumini, na solenoidi zinazopokea amri kutoka kwa kompyuta. Ikianza kusitasita kabla ya kushika gia ya pili, au kupiga teke ikiingizwa rivasi, mwenye gari hunyamaza na kuanza kuhesabu karo ya watoto upya.

Hata hivyo, kadiri ninavyozidi kuyatazama magari haya yakizeeka katika mtaa wetu, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba sifa hiyo inatupotosha. Giaboksi ambayo haijafunguliwa inaweza kuwa imetunzwa vizuri hata haikuhitaji kufunguliwa. Inaweza pia kuwa imesahauliwa na kila aliyewahi kulimiliki gari, na siku zake zimebaki chache. Kwa nje zote mbili zinafanana. Zote mbili ni za kiwandani, na nambari zilizopigwa chapa ubavuni ni za familia moja. Ya kwanza inaweza kupita kilomita 400,000 ikiwa bado inabadilisha gia bila dereva kuhisi. Ya pili inaweza kukata tamaa kabla ya kilomita 200,000, pengine kwenye mlima wa kwanza baada ya hati ya gari kubadilishwa jina.

Kwa hiyo anayeuliza giaboksi ya kiwandani huishi miaka mingapi hajauliza swali lenye jibu, hata kama anaongea na fundi mwaminifu kuliko wote. Otomatiki huhesabu umri wake kwa joto. Miaka na kilomita hufuata nyuma.

Ili kuona joto hilo linatoka wapi, turudi mwanzo: kiini cha mashine hii kilibuniwa kwa ajili ya bahari. Mhandisi Mjerumani, Hermann Föttinger, alipata hataza mwaka 1905 akitafuta njia ya kuunganisha injini za mvuke zinazozunguka kwa kasi sana na pangaboi za meli zinazotakiwa kuzunguka polepole. Jibu lake lilikuwa oili. Upande mmoja unaisukuma, upande wa pili unasukumwa nayo, na vyuma viwili havigusani. General Motors ilipoanza kuuza Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, wazo la kupitisha nguvu ndani ya oili lilikuwa limefika barabarani kwa watu wa kawaida. Konvata inayounganisha injini na giaboksi chini ya Land Cruiser inayopita Kabiria leo hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Gari linapoanza kuondoka, nguvu yote ya injini hupita ndani ya kimiminika.

Na nguvu haipiti bure. Kila mara upande mmoja wa konvata unapozunguka kwa kasi kuliko mwingine, tofauti hiyo hugeuka joto. Oili nyingi za giaboksi hufanya kazi vizuri zikiwa kwenye nyuzi 80 hadi 90 hivi. Juu ya hapo, kanuni ya jumla ya wakemia hutumika: joto likipanda nyuzi 10, kasi ya kuoza kwa oili huongezeka takriban mara mbili. Piga hesabu hiyo kutoka nyuzi 90 hadi 120, nawe utaona kwamba mwaka mmoja wa joto hilo unaila oili kwa kiasi ambacho kingechukua miaka minane. Oili ikioza, sili za mpira hukauka na kuwa ngumu, presha huvuja, klachi hazibanwi sawasawa, zinateleza, na kuteleza kwenyewe kunaleta joto zaidi. Kuanzia hapo giaboksi inajimaliza yenyewe, na dereva anaweza asisikie kitu kwa miezi.

Sasa fikiria maisha ya gari hilo hapa kwetu. Safari yake ya kwanza katika ardhi ya Kenya ni kutoka bandari ya Mombasa, usawa wa bahari, hadi Nairobi iliyo juu kwa zaidi ya mita 1,600, mwendo wa kilomita 480 hivi, likiwa na dereva ambaye analipwa kufika. Akishaingia Mlolongo kazi yake imekwisha. Mwenye gari atakutana na oili hiyo ikiwa imepanda Voi, Mtito Andei na Salama, wala hatajua ilikuwa na umri gani ilipoanza kupanda.

Kisha huanza maisha ya kila siku. Asubuhi, kutoka Riruta kutafuta Dagoretti Corner au kukata kuelekea Gitanga Road, gari la tani mbili na zaidi husogea hatua tatu, husimama, husogea tena, huku matatu za Kawangware zikichomoka kutoka kushoto. Konvata ina klachi yake ya ndani inayoifunga gari likishapata mwendo, ili kuteleza kukome na joto lishuke. Katika foleni ya Naivasha Road mwendo huo haupatikani. Gari hilo linaweza kuandika kilomita 20 kwa siku, na giaboksi ikawa imechoka kuliko ya mwenzake aliyekwenda Nakuru na kurudi.

Mvua za Aprili zikinyesha, hatari huwa kubwa zaidi, na hapa ningependa kila mwenye gari kubwa anisikilize. Barabara za ndani za Riruta na Kabiria zina mahali ambapo udongo hushika. Gari likizama, dereva hukanyaga mafuta. Magurudumu yakigoma kuzunguka kabisa huku injini ikinguruma, karibu nguvu yote ya injini inaishia ndani ya lita chache za oili iliyoko kwenye konvata, na joto hupanda kwa kasi ambayo radieta haiwezi kuifuata. Dakika mbili za ukaidi katika tope zinaweza kufanya madhara kuliko mwaka mzima wa foleni. Afadhali kulipa vijana kumi wasukume.

Halafu kuna kukokotwa. Pampu ya oili ndani ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikizimwa, hakuna oili inayotembea, na gari likivutwa magurudumu yakiwa chini, vyuma vya ndani vinazunguka vikiwa vikavu. Ndiyo maana vitabu vya magari yenye nguvu ya magurudumu manne wakati wote husisitiza gari libebwe juu ya lori, magurudumu yote manne yakiwa hewani. Nani kati yetu hajaona Prado ikivutwa kwa kamba kutoka Ngong Road hadi gereji, taa za hatari zikiwaka, kwa sababu betri ilikufa au mafuta yaliisha? Tatizo lililoanza kwa elfu chache huenda likafika gereji likiwa limezaa jingine ambalo litajulikana baada ya mwezi.

Fungua boneti ya gari lililotoka Japani, au mlango wa dereva, uangalie ukingoni. Mara nyingi utakuta stika ndogo, pengine mbili, zenye maandishi ya Kijapani na tarakimu zilizoandikwa kwa kalamu. Ni kumbukumbu ya huduma: tarehe oili ilipobadilishwa, kilomita zilizokuwepo siku hiyo, kilomita za kurudi tena. Mwaka huandikwa kwa hesabu ya enzi za wafalme wao, hivyo 20 ya Heisei ni mwaka 2008, na 30 ni 2018. Mtu fulani huko, fundi ambaye hatutamwona, alijali hata akaandika. Stika hizo hukwanguliwa na waosha magari, au hufunikwa na tangazo la bima, au huachwa tu hapo bila mtu kuzisoma. Wakati mwingine tarakimu zake hazipatani na zile za dashibodi, na hapo ndipo mnunuzi angepaswa kuketi chini na kutafakari.

Sheria yetu ya kuingiza magari, KS 1515 ya mwaka 2000, hairuhusu gari lililozidi miaka 8, na ukaguzi hufanywa kabla gari halijapakiwa melini. Ni sheria nzuri. Imetuzuia kuwa jaa la taka. Lakini ukaguzi huo hutazama gari lilivyo siku moja. Hauji na masimulizi ya jinsi lilivyoishi, iwapo lilivuta boti wikendi huko Hokkaido au lilipeleka bibi hospitalini mara moja kwa wiki. Gari linapofika Riruta mikononi mwa mmiliki wa tatu Mkenya, hati yake inaonyesha nambari ya injini, nambari ya chesisi na rangi. Kuhusu oili, haina neno.

Viwanda navyo vimechangia ukimya huo. Toyota ilipoanza kutumia oili iitwayo WS, giaboksi nyingi zake zilipoteza kile kijiti cha kupimia, na wateja wakaelewa kwamba oili hiyo haibadilishwi. Lakini ratiba ya Toyota yenyewe huko Marekani inasema ibadilishwe kila maili 60,000, karibu kilomita 96,000, ikiwa gari huvuta mizigo au hubeba uzito. Land Rover Discovery 3 ilikuja na giaboksi ya ZF ya gia 6, nayo iliuzwa kama iliyojazwa oili ya maisha. ZF, kampuni ya Ujerumani iliyoitengeneza, inapendekeza oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila miaka 8. Ukiyatazama maneno haya mawili pamoja utaona maisha gani yaliyokusudiwa. Maisha ya mmiliki wa kwanza. Na mmiliki wa kwanza hakai Riruta.

Tabia ya kuacha oili ipite kizazi kimoja hadi kingine imezaa imani ambayo utaikuta katika kila gereji hapa: ukibadilisha oili ya zamani, giaboksi itakufa. Sitaidharau imani hii, kwa sababu walio nayo wameona kwa macho. Klachi zikishalika, chembechembe zake huelea ndani ya oili iliyozeeka, na uchafu huo huongeza mshiko kidogo. Ukiuondoa na kumimina oili mpya inayoteleza, klachi zilizobaki bila nyama zinashindwa kushika. Gari linaingia gereji likitembea, linatoka likivutwa. Fundi analaumiwa. Mimi ningesema giaboksi hiyo ilikuwa imekwisha kabla, na oili mpya ikafichua. Lakini jambo hilo halimsaidii fundi aliyesimama mbele ya mteja mwenye hasira, akidaiwa mashine ambayo thamani yake inazidi mapato yake ya miezi mingi. Kwa hiyo wengi huamua kutogusa. Kutogusa huko ndiko kunakohakikisha giaboksi inayofuata itaharibika pia.

Mafundi makini wana njia ya katikati. Kwanza huichomoa oili kidogo na kuidondosha juu ya karatasi nyeupe. Oili nzuri mara nyingi ni nyekundu na haina harufu kali. Iliyoungua huwa kama chai ya rangi iliyochemshwa mara ya pili, na harufu yake haikuachi mkononi hata ukinawa kwa Omo. Ikiwa imechoka lakini haijaungua, hawaimwagi yote. Giaboksi ya gari kubwa hubeba lita 10 hivi, na ukifungua nati ya sampu zinatoka 3 au 4 tu, maana nyingine zimekaa ndani ya konvata. Wanatoa hizo, wanarudisha mpya kiasi kilekile, wanakwambia uendeshe majuma machache urudi. Baada ya mara tatu, sehemu kubwa ya oili imekuwa mpya bila mashine kushtuliwa. Inahitaji subira na mteja anayerudi.

Kuna vifo ambavyo oili haiwezi kuvizuia. Radieta za magari mengi zina chumba kidogo ndani yake ambamo oili ya giaboksi hupita ili kupozwa na maji ya injini. Ukuta kati yao ukitoboka, maji yanaingia kwenye oili, na mchanganyiko wake hutoka na rangi ya pinki. Pleti za klachi zimefunikwa kwa kitu cha jamii ya karatasi kilichogandishwa kwa gundi. Maji hubandua gundi hiyo. Magari ya Nissan Pathfinder, Xterra na Frontier yaliyouzwa Marekani kati ya 2005 na 2010 yalipata sifa mbaya kwa hili, wenye magari wakaenda mahakamani, na kampuni ikaongeza muda wa dhamana ya radieta. Pathfinder nyingi za rika hilo ziko Nairobi, na dhamana hiyo haikuvuka bahari pamoja nazo. Fundi anayejua hubadilisha radieta mapema, au huondoa kabisa njia ile na kuweka kipozeo cha pembeni mbele ya gari. Vivyo hivyo, magari yaliyolala ndani ya maji wakati wa mafuriko ya Nairobi ya mwaka 2024 yalikuwa hatarini kwa maji kuingia kupitia tundu la hewa lililo juu ya giaboksi. Anayenunua gari leo ana haki ya kuuliza lilikuwa wapi Aprili ile.

Kuhusu malori nitasema machache, kwa sababu mengi yanayoleta mchanga na mawe huku bado yana gia za mkono, na dereva wake hubeba ujuzi katika kiganja. Vichwa vya trela kutoka Uingereza, Actros na Volvo zenye kubadilisha gia zenyewe, ni kitu kingine. I-Shift ya Volvo, iliyotoka mwaka 2001, haina konvata. Ni giaboksi ya kawaida inayosukumwa na roboti, ina klachi kavu, na kinachokufa kwanza mara nyingi ni klachi hiyo au vipande vya hewa na umeme. Anayedhani kanuni ya Prado inafaa hapo atapoteza pesa.

Giaboksi ya gari kama Prado ikikataa kabisa, Riruta huwa na majibu mawili. La haraka ni kuleta nyingine iliyotumika, kutoka Kirinyaga Road au kupitia jamaa aliye na mawasiliano Sharjah, ambako magari ya Ghuba huvunjwa vipande na kuuzwa. Hapo tunarudi palepale, maana giaboksi hiyo nayo inaletwa na sifa ya kwamba haijafunguliwa, na historia yake imebaki katika gari ambalo halipo tena. Jibu la pili ni kuifungua. Mafundi wachache wanathubutu. Wanatandika gunia safi, wanapanga pleti kwa mfuatano zilivyotoka, wanapiga picha kila hatua kwa simu, wanaagiza sili na pleti mpya, wanarudisha. Ninawaheshimu kuliko ninavyoweza kueleza. Giaboksi iliyofunguliwa na mkono kama huo, ikawekewa sili mpya na oili sahihi, kwangu ina thamani kuliko nyingi za kiwandani ambazo hazijawahi kuona mwanga. Sokoni bei yake hushuka, kwa sababu tu imefunguliwa.

Mzigo unaokuja ni mzito zaidi. Land Cruiser 100 ya mwaka 1998 ilianza na gia 4. Land Cruiser 200 ya 2007 ikaja na gia 5 na 6. Land Cruiser 300, iliyotoka 2021, ina gia 10. Gia zikiongezeka, mara nyingi huja na pleti, valvu na solenoidi za ziada, na oili nyembamba zaidi inayotakiwa kuwa kwenye kipimo sahihi, gari likiwa kwenye joto lililowekwa na kiwanda. Kukadiria kwa jicho hakutoshi tena. Magari hayo yatashuka bei, yatabadilisha mikono, na siku moja yatafika Naivasha Road, kwa sababu magari yote ya Lavington na Kileleshwa hatimaye hufika huku kutafuta mikono ya kuyarekebisha. Vijana watakaoyapokea wako gereji sasa hivi, wengine wakijiandaa kwa mitihani ya ufundi ya NITA, wengine wakijifunza kwa kuzikatakata giaboksi mbovu zilizotupwa nyuma ya kibanda.

Kijana wa namna hiyo anajua kuandika tarehe, kilomita, aina ya oili na idadi ya lita alizomimina. Hakuna anayemwomba afanye hivyo. Yuko tayari, ikiwa mwenye gari atamnunulia daftari la kurasa 48, alihifadhi ndani ya dashibodi, na siku ya kuliuza gari aliache humo.